Gari ya mashindano: uzito kwanza, resori baadaye

Magari mawili yana moteri moja na tairi za aina moja. Moja inashika kona safi na kutoka mbio. Nyingine inapofika pale pale, shoferi anazungusha usukani lakini pua inaendelea mbele, ao mkia unamzunguka na anajikuta anatazama kule alikotoka. Watu wanasema: «Huyu hajui kuendesha.» Mara nyingine ni kweli. Lakini mara mingi ugonjwa uko ndani ya gari yenyewe: uzito umekaa mahali pabaya, na resori pamoja na amortisere zimekazwa bila hesabu.

Katika maelezo haya tunaeleza namna mafundi wa magari ya mashindano wanavyopanga uzito na kurekebisha sehemu zinazobeba gari. Tutatumia hesabu ndogo ambazo mtu yeyote anaweza kufanya na kalamu. Na mwishoni tutafika kwenye barabara zetu, sababu sheria inayoongoza gari ya mashindano ndiyo ileile inayoongoza basi ndogo iliyobeba magunia juu ya paa.

Kila kitu kinapita kwenye tairi nne

Gari inagusa barabara mahali pane tu, na kila mahali ni padogo, karibu kama kiganja cha mkono. Kuongeza mwendo, kufunga freni, kupinda: yote inapita pale. Kazi yote ya kupanga gari ni kusaidia tairi hizo nne zifanye kazi pamoja, kusiwe moja inayochoka wakati nyingine inapumzika.

Kuna jambo moja la tairi ambalo watu wengi hawalijui. Ukiongeza uzito juu ya tairi, inashika barabara zaidi, lakini mshiko hauongezeki sawasawa na uzito. Tuchukue mfano tu. Tairi mbili za mbele zimebeba kilo 250 kila moja, na kila moja inaweza kushikilia nguvu ya kilo 250 upande. Jumla ni 500. Sasa gari imeingia kona, uzito umehama: tairi ya nje inabeba 400, ya ndani inabeba 100. Ile ya nje haishikilii 400, inashikilia labda 370. Ile ya ndani inashikilia labda 105. Jumla sasa ni 475. Uzito wa mbele ni uleule kilo 500, lakini mshiko umepungua.

Mambo mengine yote ya somo hili yanatoka hapo. Kila mara uzito unapohama sana kutoka tairi moja kwenda mwenzake, tunapoteza. Ndiyo maana fundi anatafuta kwanza kupunguza uzito unaohama, na kiisha anachagua ni mbele ao ni nyuma ndiko ubebe hasara kubwa.

Uzito unahama kiasi gani?

Wengi wanafikiri kwamba resori ngumu zinazuia uzito kuhama, kwa sababu gari hailali tena kwenye kona. Si kweli. Kiasi cha uzito kinachohama kinategemea mambo manne: uzito wa gari, nguvu ya kona ao ya freni, kimo cha kitovu cha uzito kutoka chini, na upana ao urefu kati ya tairi. Resori haimo ndani ya hesabu hiyo.

Tuseme gari ina kilo 1000. Kitovu cha uzito, yaani pale ambapo uzito wote ungeweza kukusanyika kama nukta moja, kiko sentimita 50 juu ya ardhi. Kati ya tairi za mbele na za nyuma kuna mita 2,5. Shoferi anafunga freni kwa nguvu inayolingana na sehemu 8 kati ya 10 za uzito wa gari. Hesabu: 1000 × 0,8 × 0,5 ÷ 2,5 = 160. Kilo 160 zinatoka nyuma na kwenda mbele. Kama mbele ilikuwa na 560 na nyuma 440, sasa mbele ina 720 na nyuma imebaki na 280. Ndiyo maana mkia wa gari unakuwa mwepesi wakati wa freni, na ndiyo maana mtu anayefunga freni huku anapinda anaweza kuzunguka.

Kwenye kona ni vilevile. Kama upana kati ya tairi za kushoto na za kuume ni mita 1,5, na gari inapinda kwa nguvu ya sehemu 9 kati ya 10 za uzito wake: 1000 × 0,9 × 0,5 ÷ 1,5 = 300. Upande wa nje ulikuwa na 500, sasa una 800. Upande wa ndani umebaki na 200.

Ukitaka hizo 300 zipungue, njia ni chache: punguza kilo za gari, shusha kitovu cha uzito, ao panua nafasi kati ya tairi. Ndiyo maana magari ya mashindano ni mapana, yako chini, na ndani hakuna kiti cha nyuma, hakuna zulia, hakuna redio. Hata vioo vinaweza kubadilishwa kwa plastiki ngumu, sababu kioo ni kizito na kiko juu. Kilo moja inayotoka kwenye paa ina faida kuliko kilo moja inayotoka sakafuni.

Mbele na nyuma: fundisho la Porsche 911

Mfano mzuri wa uzito uliokaa vigumu ni Porsche 911. Gari hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1963. Moteri yake inakaa nyuma kabisa, kupita tairi za nyuma. Faida iko: wakati wa kuondoka, uzito unakandamiza tairi zinazosukuma, na gari inachomoka vizuri. Hasara nayo iko: mkia ni mzito, na shoferi akitoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona, mkia unaweza kutupwa nje kama nyundo iliyofungwa kwenye kamba.

Wahandisi wa Porsche walifanya nini? Katika miaka ya mwanzo walifikia hatua ya kuweka vyuma vizito ndani ya bampa ya mbele. Kiisha, kwa magari ya mwaka 1969, walisogeza tairi za nyuma zaidi kuelekea nyuma: nafasi kati ya tairi za mbele na za nyuma ikatoka milimita 2211 ikafika 2268. Milimita 57 tu, lakini ziliipa gari utulivu mwingine. Wakati uleule waliweka betri mbili mbele, moja kila upande, kusudi pua ipate uzito.

Angalia vizuri walichofanya. Hawakutegemea resori peke yake. Walihamisha uzito. Resori haiwezi kuondoa kilo nyuma na kuziweka mbele. Kazi yake ni kugawa ile iliyopo.

Fundi wa kawaida naye anaweza kufanya hivyo. Betri ya kilo 15 iliyokaa mbele ya tairi za mbele, ukiipeleka ndani ya buti, nyuma ya tairi za nyuma, imetembea karibu mita 3,2. Kwa gari yetu ya mita 2,5 hesabu ni 15 × 3,2 ÷ 2,5, karibu kilo 19. Mbele inatoka 560 inabaki na 541. Bila kununua chochote isipokuwa waya mrefu mzuri na kifungio imara, mbele imetoka asilimia 56 ikafika 54.

Lakini jihadhari na kinyume chake. Gari nyingi ndogo zinavutwa na tairi za mbele, na uzito wake mwingi uko mbele. Tuseme gari ina kilo 1000, mbele 620, nyuma 380. Mwenyewe anatoa kiti cha nyuma na tairi ya akiba, kilo 60, kusudi gari iwe nyepesi. Sasa ina kilo 940, lakini mbele bado kuna 620: kutoka asilimia 62 imepanda karibu 66. Gari imekuwa nyepesi, ni kweli, lakini pua imezidi kuwa nzito kwa kulinganisha, na mkia unaruka kwenye freni. Kutoa kilo ni vizuri. Kujua unazitoa wapi ni vizuri zaidi.

Kupima tairi moja moja

Hapa ndipo kazi ya kweli inaanza. Katika timu za mashindano, gari inapandishwa juu ya mizani minne, moja chini ya kila tairi. Tuseme tumeona hivi:

Mbele kushoto: kilo 290. Mbele kuume: kilo 270.
Nyuma kushoto: kilo 210. Nyuma kuume: kilo 230.

Mbele jumla 560, nyuma 440. Kushoto jumla 500, kuume 500. Kwa jicho, gari iko sawa. Lakini sasa jumlisha kwa mshazari, kama unachora alama ya X. Mbele kuume na nyuma kushoto: 270 + 210 = 480. Mbele kushoto na nyuma kuume: 290 + 230 = 520. Hazilingani. Ni kama meza yenye mguu mmoja mfupi: inasimama, lakini inabebwa zaidi na miguu miwili inayotazamana. Gari ya namna hiyo inashika kona za upande mmoja vizuri na za upande mwingine vibaya, na shoferi hajui kwa nini.

Dawa iko kwenye resori zinazoweza kupandishwa na kushushwa, zile zenye kikombe cha kuzungusha chini yake. Ukipandisha kidogo pembe ya mbele kuume, uzito unaongezeka pale, na unaongezeka pia kwenye pembe inayotazamana nayo kwa mshazari, yaani nyuma kushoto. Pembe zile mbili nyingine zinapungua. Tukifika kwenye kilo 10 tunapata:

Mbele kushoto: 280. Mbele kuume: 280.
Nyuma kushoto: 220. Nyuma kuume: 220.

Mshazari sasa ni 500 na 500. Lakini tazama: mbele bado 560, nyuma bado 440, kushoto 500, kuume 500. Hata ungezungusha vikombe mpaka usiku, hesabu ya mbele kwa nyuma na ya kushoto kwa kuume haibadiliki kwa njia hiyo. Hizo mbili zinabadilika tu kama umehamisha kitu: betri, kiti, tangi, ao umefunga chuma ao risasi sakafuni. Ni kosa la kawaida kusumbuka na resori siku nzima kwa kazi ambayo resori haiwezi.

Masharti ya kupima vizuri

Mizani inasema kweli tu kama umefuata masharti haya:

1. Sakafu iwe sawa kabisa. Tofauti ya milimita chache chini ya tairi moja inatosha kuharibu hesabu yote. Tumia kamba ya maji ao nivo ya waashi.

2. Jaza upepo wa tairi kwanza, kila tairi kama itakavyokuwa kwenye mashindano.

3. Weka mafuta ya kiasi utakachotumia. Lita 40 za petroli ni karibu kilo 30, na tangi mara nyingi liko nyuma.

4. Shoferi akae ndani, ao weka mifuko ya mchanga yenye uzito wake. Mtu wa kilo 75 upande mmoja anabadilisha kila kitu. Kwetu huku, ambako magari mengi yana usukani kuume na mengine kushoto, usichukue vipimo vya gari ya mwenzako ukafikiri vinafaa yako.

5. Fungua ule mchuma unaounganisha tairi ya kushoto na ya kuume, mafundi wetu wanauita stabilizatrisi. Ukiuacha umefungwa, unaweza kuvuta upande mmoja na kudanganya mizani. Utaufunga tena kiisha kupima.

6. Kila mara baada ya kurekebisha, tikisa gari mbele na nyuma, ao isukume kidogo na kuirudisha, kusudi resori na tairi zikae mahali pake.

Na kama huna mizani minne? Mizani moja kubwa ya kupimia magunia inaweza kusaidia, kama inafika kilo 500. Tayarisha vipande vitatu vya mbao ngumu vyenye kimo sawasawa na mizani. Tairi moja juu ya mizani, tatu juu ya mbao. Pima, andika, hamisha. Inachukua muda, na kila mara unapoinua gari na kriki weka egemeo imara, usitegemee kriki peke yake. Lakini utapata hesabu inayoweza kukuongoza.

Kazi ya resori, stabilizatrisi na amortisere

Sasa uzito umekaa vizuri. Hapo tu ndipo tunagusa sehemu zinazobeba.

Resori. Tulisema haiwezi kupunguza uzito unaohama kwenye kona. Lakini inachagua mahali unapopita. Ukikaza resori za mbele kuliko za nyuma, sehemu kubwa ya kuhama inafanyika mbele. Tairi za mbele zinapoteza mshiko zaidi, na gari inakataa kupinda. Ukikaza nyuma kuliko mbele, ni nyuma ndiko kunapoteza, na mkia unakuwa rahisi kutoka. Kanuni ya kukumbuka: upande uliokazwa zaidi ndio unaoachilia mapema.

Stabilizatrisi. Inafanya kazi wakati gari inalala upande mmoja, na haisumbui sana wakati tairi zote mbili zinapanda pamoja juu ya mawimbi ya barabara. Ndiyo maana mafundi wanaipenda kwa kurekebisha: wanabadilisha tabia ya kona bila kufanya resori zote kuwa ngumu. Kanuni ni ileile: ukikaza ya nyuma, gari inapinda zaidi, ukikaza ya mbele, inatulia zaidi.

Amortisere. Resori inabeba, amortisere inatuliza. Bila yake gari ingedunda kama mpira. Amortisere haibadilishi kiasi cha uzito kinachohama katika kona ndefu, inabadilisha haraka ya kuhama. Basi inasikika zaidi wakati wa kuingia kona, wakati wa kutoka, na pale shoferi anapogeuza usukani haraka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Jaribio la zamani bado linasaidia: kandamiza pembe ya gari kwa mikono na uachilie. Ikipanda na kutulia, bado iko na nguvu. Ikiendelea kudunda, imekufa, na hakuna kipimo kingine kitakachokuwa na maana mpaka uibadilishe.

Paralelismi. Kila mara umebadilisha kimo cha gari, namna tairi zinavyotazama mbele na zinavyoinama nayo imebadilika. Lazima urudi kuipima. Watu wengi wanashusha gari, wanaona tairi zinakwisha upande wa ndani baada ya wiki chache, na wanalaumu tairi.

Hatari ya kukata resori

Hapa tunaomba vijana wasome polepole. Kuna watu wanaoshusha gari kwa kukata resori na mashini ya kukatia vyuma. Gari inakuwa chini, inapendeza machoni. Lakini nini kimetokea?

Resori yenye mizunguko 6 ukikata mmoja na nusu, inabaki na 4 na nusu. Ugumu wake unapanda kwa sehemu moja ya tatu, sababu resori fupi ya waya uleule ni ngumu zaidi. Pia nafasi ya tairi kupanda imepungua. Kwenye shimo ndogo tu gari inagonga ule mpira wa mwisho. Pale inapogonga ni kama haina resori tena: tairi inapokea uzito mwingi kwa ghafula na inaachilia barabara. Tena, resori iliyokatwa inaweza kukosa kukaa vizuri kwenye kikombe chake, na gari ikiinuliwa inatoka mahali pake. Kama mtu amekata kwa kukadiria, kushoto na kuume hazilingani, na ule mshazari tulioueleza umeharibika kabisa.

Gari ya namna hiyo inaweza kuonekana imara kwenye barabara laini. Siku ya mvua, ao siku ya shimo katikati ya kona, inamwacha mwenyewe bila onyo.

Kusoma tabia ya gari

Baada ya kupima, gari inapelekwa kiwanjani na shoferi anarudi na habari. Fundi mzuri hamwulizi tu «Iko namna gani?» Anamwuliza: «Ni wakati gani wa kona?» Orodha hii ni ya kuanzia:

Pua inakataa tangu kuingia: angalia kama shoferi anaingia mbio mno, upepo wa tairi za mbele, amortisere za mbele, kiisha namna tairi za mbele zinavyotazama.

Pua inakataa katikati ya kona ndefu: legeza stabilizatrisi ao resori za mbele, ao kaza za nyuma kidogo.

Mkia unatoka wakati wa freni: angalia mgawanyo wa freni kati ya mbele na nyuma, na kama nyuma ni nyepesi mno.

Mkia unatoka wakati wa kutoka kona, kwa gari inayosukumwa na tairi za nyuma: legeza nyuma, na umwambie shoferi akanyage mafuta polepole.

Kona za kuume nzuri, za kushoto mbaya, ao kinyume: rudi kwenye mizani, tazama mshazari.

Sheria kubwa hapa ni moja: badilisha kitu kimoja tu kila mara, na uandike. Ukibadilisha vitatu pamoja na gari ikawa nzuri, hujui ni kipi kilisaidia. Ikawa mbaya, hujui kipi cha kurudisha. Daftari ya shilingi kidogo inaweza kushinda amortisere za bei kali.

Chini sana si vizuri kila mahali

Kufika hapa mtu anaweza kusema: basi tushushe magari yote na kuyakaza. Hapana. Gari inapangwa kufuatana na barabara yake. Kiwanja cha lami laini kinakubali gari ya chini na ngumu. Barabara ya mawe na mashimo inaomba kinyume.

Mfano wa karibu nasi ni Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo imerudi kwenye mashindano ya dunia tangu 2021, kandokando ya Naivasha. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Magari ya mbio hizo yanainuliwa, na tairi zinapewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Mafundi wanajua vizuri kwamba kuinua gari kunaongeza uzito unaohama. Lakini tairi iliyo hewani haina mshiko hata kidogo. Kwenye mashimo ni afadhali resori inayoacha tairi ifuate ardhi, hata kama gari inalala kidogo.

Na gari ndefu kwenda juu inaweza kuanguka hata kama ni mpya. Mwaka 1997 waandishi wa gazeti la magari la Teknikens Värld la Uswidi walijaribu Mercedes-Benz A-Class, gari fupi na ya juu, kwa kukwepa kitu kwa ghafula kama vile kumkwepa mnyama barabarani. Gari ikaanguka. Kampuni ililazimika kuyaita magari yaliyokwisha uzwa, kubadilisha sehemu zinazoyabeba, na kuweka mfumo wa elektroniki unaozuia kuteleza.

Hesabu ileile kwenye basi zetu

Sasa tuje nyumbani. Basi ndogo ya abiria haiko kiwanjani, lakini tairi zake nne zinatii sheria zilezile, na ndani mna watu kumi na zaidi.

Tuseme basi tupu ina kilo 2000, kitovu cha uzito kiko sentimita 80 kutoka chini, upana kati ya tairi ni mita 1,5. Unapakia kilo 300 juu ya paa, kwa kimo cha mita 2,3. Hesabu: (2000 × 0,8 + 300 × 2,3) ÷ 2300, karibu mita 1. Kitovu kimepanda sentimita 20. Zile kilo 300 zingewekwa sakafuni, kwa kimo cha sentimita 70, kitovu kingebaki karibu sentimita 79.

Hiyo ina maana gani kwenye kona? Gari inaanza kupinduka pale nguvu ya kona inapopita nusu ya upana ikigawanywa na kimo cha kitovu. Bila mzigo wa paa: 0,75 ÷ 0,8, karibu 0,94. Na mzigo wa paa: 0,75 ÷ 1, yaani 0,75. Kwenye kona yenye nusu kipenyo ya mita 30, ni tofauti ya karibu kilometa 60 kwa saa na 53. Na hizo ni hesabu za karatasi, za barabara sawa na gari isiyolala. Kwa kweli gari inalala kwenye resori, barabara inainama, tairi inaingia shimo. Basi kipimo cha kweli kiko chini zaidi. Shoferi aliyezoea kupita kona ile na 50 kila siku hana onyo lolote kwamba leo nafasi yake imekwisha.

Mzigo wa nyuma nao una hesabu yake. Kilo 200 zilizofungwa mita moja nyuma ya tairi za nyuma zinatoa kilo 80 kwenye tairi za mbele (200 × 1 ÷ 2,5), na tairi za nyuma zinabeba 280. Usukani unakuwa mwepesi, na shoferi anaweza hata kufurahi. Lakini tairi za mbele ndizo zinazopinda na kufanya kazi kubwa ya freni. Kwenye mteremko kama ule wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, kilo 80 hizo zinahitajika mbele.

Na wengine wanaongeza vyuma kwenye resori za nyuma kusudi gari isikae chini na mzigo. Sasa unajua kinachofuata: gari haikai chini, lakini uzito umebaki palepale, kitovu bado kiko juu, na siku gari ikitembea tupu, nyuma ngumu inaruka na kuachilia barabara mapema. Chuma kile kimeficha dalili, ugonjwa haujapona.

Kwa ufupi, kwa mwenye gari ya mashindano na kwa mwenye basi, utaratibu ni uleule:

Toa kilo zisizo na kazi, ukianza na zile za juu.
Weka mizigo mizito chini, na kati ya tairi za mbele na za nyuma.
Gawa sawasawa kushoto na kuume, kiisha tazama mshazari.
Funga kila kitu, sababu mzigo unaotembea unahamisha uzito wakati usioutaka.
Pima upepo wa tairi na ujaribu amortisere.
Kiisha, na kiisha tu, gusa resori.

Kama gari yako inakataa kona, usikimbilie duka la vipuri. Tafuta mizani kwanza.